Kidonda Kimekauka, Tumbo Bado

SWALI: Shikamoo dada muuguzi. Nina miaka 41, naishi kijiji kimoja cha Newala, watoto wanne. Wiki tatu zilizopita nilifanyiwa upasuaji hospitali ya Ndanda, nikatolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe uliokuwa unanimwaga damu kila mwezi. Nyuzi zimeshatolewa, kidonda kimekauka, na nyumbani kila mtu anasema nimepona. Wifi aliyekuja kunisaidia amerudi kwake. Sasa binti yangu wa darasa la saba ndiye anayeteka maji na kupika, siku nyingine shule haendi. Kaka yake yuko kidato cha pili. Mdogo wao ana miaka miwili na nusu, analia nimbebe mgongoni. Mama yangu anataka kunikanda kwa maji ya moto. Mume wangu amehamia chumba cha wavulana, anasema hataki kunitonesha, ila mimi naona amenikimbia. Chini ya mikorosho hatujafyeka na msimu ndio huo unakuja. Usiku nalia bila sababu. Je, nianze kazi polepole? Naogopa kuonekana najidekeza.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Nianze na neno lako la mwisho, maana ndilo lililonichoma. Nimekaa wodi za upasuaji na za akina mama huku kusini miaka mingi, na sijakumbuka mwanamke aliyerudishwa mezani kwa sababu ya kujidekeza. Waliorudi walirudi kwa sababu ya ndoo.

Ngoja nikueleze ulivyoshonwa, kwa sababu nadhani hakuna aliyekuambia. Daktari hakukata ngozi peke yake. Chini ya ngozi kuna mafuta, na chini ya mafuta kuna utando mweupe, mgumu kama turubai, ndio unaoshikilia misuli ya tumbo na kuzuia matumbo yasitokeze. Huo nao ulikatwa ukashonwa. Ndani zaidi, pale kizazi kilipokuwa kimeungana na uke, pana mshono mwingine usiouona wewe, wala mumeo, wala wifi. Ngozi hufunga ndani ya wiki mbili hivi. Ule utando una mwendo wake: ukifika wiki ya 6 umerudisha karibu nusu tu ya nguvu zake, na hata miezi 3 ikipita bado haujafika ulipokuwa. Kwa hiyo leo, wiki ya 3, nje umepona na ndani umeshikizwa na uzi. Watu wa nyumbani kwako hawakudanganyi. Wanasema wanachokiona, na wanachokiona ni ngozi.

Haya siyasemi kutoka kitabuni tu. Mimi mwenyewe nilijifungua kwa kisu, mtoto wangu wa pili. Siku ya 19 walikuja wageni kuniona, wakakaa barazani, nikaona aibu nyumba haina maji. Muuguzi mzima, ninayewafundisha wenzangu, nikajitwisha ndoo. Sikusikia maumivu makubwa, ila kitu kama kamba ikilegea. Baada ya miezi kadhaa nikikohoa panatokea uvimbe kando ya kovu, ngiri, na miaka miwili baadaye nikapasuliwa mara ya pili kwa ajili ya chai ya wageni. Wale wageni hata sidhani kama wanakumbuka walikunywa.

Jibu la swali lako, basi: ndiyo, anza polepole, lakini polepole ya kuhesabu kilo. Mpaka wiki ya 6 usinyanyue kinachozidi kilo 4 au 5. Tafsiri yake nyumbani kwako ni hii. Dumu la lita 20 ni kilo 20, halikuhusu kabisa, hata la nusu, hata la kusaidiwa kutwishwa. Kidumu cha lita 3 sawa. Sufuria ya ugali wa watu sita, kuisonga na kuiipua, hapana. Kinu hapana, makopa yaende mashineni. Mbuzi ya kukunia nazi nayo hapana, na hapa wengi hushangaa kwa kuwa unakuwa umeketi, lakini jaribu kukuna ukiwa umeweka mkono mmoja tumboni utaona kinachofanya kazi ni nini. Kufagia uwanja kwa ufagio mfupi umeinama, hapana. Kuchambua mboga au mchele umekaa kwenye kiti, kukunja nguo, kuosha vyombo vikiwekwa juu ya meza, kumsimamia anayepika, haya fanya. Na tembea. Zunguka nyumba asubuhi na jioni, kesho ongeza kidogo. Anayelala kutwa kucha damu hulala naye miguuni, ikaganda.

Sasa tuje kwenye maji, maana huko juu kwenu ndiyo kazi yenyewe. Uwanda wa Makonde hauna mito. Maji ya mradi yanasukumwa kutoka bondeni, na bomba likikata watu wanarudi kwenye visima vya kuvunia mvua, ambavyo mwezi huu wa nane vimeshapungua, au wanashuka mabondeni. Nyumba ya watu sita haikwepi madumu kadhaa kila siku. Hakuna ushauri wangu utakaokufaa kama swali la nani anateka halijajibiwa kwa jina la mtu na siku.

Ndiyo maana nakuomba ufanye jambo moja wiki hii: itisha kikao kidogo. Mumeo awepo, mama yako awepo, na mjomba wako kama yuko karibu. Huku kwetu neno la mjomba bado lina uzito, na mume hatajisikia amesemwa na mkewe. Usiwaambie "nisaidieni." Kila mtu ameshakusaidia, kwa moyo wake, na wifi amemaliza siku zake amerudi kwake kwa haki. Waeleze habari ya turubai kama nilivyokueleza, wiki 3 zimepita, zimebaki 3 za kukatazwa kabisa na nyingine 6 za uangalifu. Kisha kazi zitajwe moja moja na kila moja ipewe mwenyewe. Nani maji ya Jumatatu hadi Ijumaa. Nani Jumamosi. Nani anasonga ugali wa jioni. Msaada usio na siku huja siku ambayo huuhitaji.

Na wale wanaokuja kukupa pole ukiwa barazani, wakiuliza "tukusaidie nini dada?", usijibu "nashukuru, nimeshapoa." Jibu: "Kesho nileteeni dumu moja." Pole haijazi mtungi. Watu wengi wanapenda kuambiwa la kufanya, wanakwama tu kwa kutojua.

Kwenye kikao hicho kuna jambo moja ambalo nitakuwa mkali kidogo, unisamehe. Binti yako. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba, na wewe unaniandikia Agosti. Wiki tatu za kidonda chako zimekuwa wiki tatu za daftari lake. Una mvulana wa kidato cha pili ambaye kwenye barua yako nzima hana kazi hata moja, ametajwa kwa darasa lake tu. Mtihani wake nao upo, lakini ni kuelekea mwisho wa mwaka. Kijana wa umri huo na baiskeli anabeba madumu matatu kwa safari moja, kabla ya shule, na vijana wa Newala hadi Tandahimba wanafanya hivyo kwa fedha kila siku. Hakuna mila inayovunjika akifanya bure kwa mama yake. Baba naye ana mikono. Ugali wa mwanaume ukiwa na mabonge mtautafuna hivyo hivyo, hakuna aliyekufa kwa bonge. Binti abakiwe na kazi aliyokuwa nayo kabla hujapasuliwa, basi.

Mdogo wao ni mzigo wa kilo 12 au 13, tena unaorusha miguu. Hapo usipepese: mbeleko itundikwe mpaka daktari akuruhusu. Lakini mtoto wa miaka miwili na nusu hajui kilo, anajua kwamba mama alipotea siku kadhaa, akarudi, na sasa anamsukuma. Kinachomliza ni hicho. Kwa hiyo usimfukuze, badilisha mlango wa kuingilia. Kaa kitini au kitandani, weka mto tumboni, mtu mwingine amnyanyue amweke ubavuni kwako, umkumbatie hata nusu saa. Mwonyeshe kovu. Mwambie "mama ana kidonda hapa, tusipaguse." Watoto wa umri huo hupenda ulinzi, baada ya siku mbili atakuwa anawafokea wakubwa wasikukaribie. Usiku kama anapiga mateke, alale upande wa kichwa, au na bibi yake, lakini asubuhi akifungua macho aletwe kwako kwanza.

Mama yako. Najua anachofikiria: wanawake wote wa ukoo walikandwa, wakapona, wewe ni nani? Mweleze kwa heshima kwamba kukanda kulikuwa kwa aliyezaa kwa njia ya kawaida, na hata huko wengi waliungua. Tumbo lililoshonwa likikandwa kwa maji ya moto mnavuta mshono ambao haujashika, na ngozi juu ya kovu mara nyingi imekufa ganzi, inaungua bila wewe kusikia. Majani na unga wa mizizi juu ya kovu, hapana. Maji safi na sabuni, kausha kwa kitambaa safi, inatosha. Kanga ya kufunga tumbo namruhusu, ikifungwa kwa kukushikilia tu, uweze kuvuta pumzi na kula. Mama asibaki mikono mitupu: apewe mgongo na mabega akukande huko hadi mshibe. Miguu pia, lakini ole wake akande mguu mmoja uliovimba au unaouma kwenye shavu la mguu. Huo haukandwi, unapelekwa hospitali, maana huenda damu imeganda ndani na kukanda kunaweza kuisukuma hadi kwenye mapafu.

Nimekaa kidogo na habari ya mumeo. Unasema amekukimbia, yeye anasema hataki kukutonesha. Mimi namwamini, mpaka anipe sababu ya kutomwamini. Wodini tunamweleza mke peke yake, tena mara nyingine akiwa bado na usingizi wa ganzi, na mume anaachwa nje na maelezo ya kijiweni. Na maelezo ya kijiweni unayajua: aliyetolewa kizazi anakuwa baridi, ni ganda tupu, mwanaume akimgusa atapata madhara. Uongo mtupu wote. Kizazi ni mahali pa kulelea mimba, kikiwa kizima kina ukubwa wa pera tu. Hamu haikai humo, na uke wako upo. Kitakachobadilika ni kwamba hutapata hedhi tena wala mimba. Wanawake wengi waliokuwa wanavuja damu siku 10 kila mwezi wameniambia ndoa ilirudi baada ya upasuaji. Walikuwa hawana raha wala nguvu muda mrefu sana.

Lakini subirini. Ule mshono wa juu ya uke unahitaji wiki 6 zisizoguswa, na hata zikitimia, kwanza uangaliwe na daktari, kisha ndiyo. Mwambie mumeo tarehe. Mwanaume aliyeambiwa "bado" tu hubaki akihesabu mwenyewe na kukosea hesabu. Aliyeambiwa "baada ya kliniki ya mwezi wa tisa" hutulia. Halafu mwambie arudi chumbani. Kitanda kikiwa kidogo atandike mkeka chini, azime taa yeye, mzungumze gizani kama zamani. Ukiona ulimi mzito, mtume somo wako kwa mumeo, maneno yafike kwa njia yake. Na safari ya kurudi Ndanda, ikiwezekana aje naye aingie kwa daktari aulize mwenyewe yale anayoyaogopa.

Kulia usiku. Umepoteza kiungo, mdogo wangu, tena kiungo ambacho tangu unyago uliambiwa ndicho kinachokufanya mwanamke. Hata kama hukutaka mtoto wa tano, mlango uliofungwa na mtu mwingine huuma kuliko uliofunga mwenyewe. Kulia si uwendawazimu na hakuonyeshi kukosa shukrani. Ila yapo mawili ya kuangalia. Moja ni damu: uliyemwaga kwa miezi mingi kisha ukapasuliwa, huenda bado una upungufu, nao huleta uchovu, moyo kwenda mbio na roho nzito. Pimwa kituo cha afya. Ukipewa vidonge vya damu, meza kwa maji na chungwa au ndimu, chai ikae mbali kwa saa moja au mbili maana inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Choo kikiwa cheusi usishtuke. La pili, fungua karatasi ya ruhusa uone kama vifuko vya mayai vimeachwa au vimetolewa. Kama vimeachwa, mwili unaendelea kutengeneza homoni zake. Kama vyote viwili vimetolewa, basi joto la ghafla, jasho la usiku na kilio vinaweza kuwa dalili za kukoma hedhi kwa kishindo, na kwa umri wako hilo lina matibabu, liseme. Huzuni ikipita wiki mbili bila kupungua, ukawa huli, hulali, au unawaza kufa, usingoje kliniki.

Chakula nitapita haraka. Ugali wa muhogo unashibisha lakini haujengi nyama, kwa hiyo mboga ndiyo dawa: kunde, mbaazi, dagaa, samaki akipanda kutoka Mtwara, yai likipatikana, na korosho zenyewe ambazo watu wetu huziuza zote wakala muhogo mkavu. Papai na maji mengi kwa ajili ya choo.

Choo chenyewe nisikipite, kwa sababu wanawake huona haya kukiuliza. Kuchuchumaa kwenye choo cha shimo na kujikamua ni kazi nzito kwa mshono kama ndoo. Mwambie fundi atoboe kiti cha zamani cha mbao, kiwekwe juu ya tundu, ukae. Ukikohoa, ukicheka, ukipiga chafya, bana tumbo kwa mto. Ukiamka, geukia ubavu kwanza, shusha miguu, jisukume kwa mikono. Na kama unalala chini, pandishwa kitandani.

Mikorosho sasa. Kufyeka usiguse, hiyo ni kazi ya kumlipa kibarua, na kama fedha hakuna, heka za karibu zisafishwe na za mbali zingoje. Afadhali korosho chache zipotee nyasini. Lakini msimu wenyewe haujakupita. Korosho zikianza kudondoka kwa wingi Oktoba utakuwa umevuka wiki ya 8, na daktari akikukubalia unaweza kuokota kidogo, kwa vipindi vifupi, umepiga goti badala ya kuinama, na chombo kidogo. Kubeba gunia hapana, mwaka huu wote. Kazi inayokufaa ni ya kukaa: kutenganisha korosho na bibo, kuanika na kugeuza, kuchambua daraja la kwanza na la pili, na kuandika. Kila kilo inayokwenda ghala la chama cha msingi iandikwe kwenye daftari lako, na stakabadhi zikae kwako. Nakwambia kwa uzoefu wa nyumba nyingi, mwanamke aliyeshika daftari la korosho haonekani mgonjwa.

Yapo mambo ambayo hayangoji tarehe, hata kama ni usiku. Homa. Kovu kuwa jekundu, kutoa usaha au kuachana. Damu ukeni inayojaza pedi ndani ya saa moja, au uchafu wenye harufu mbaya. Ila madoa mepesi ya kahawia wiki hizi ni kawaida. Mkojo kukuchuruzika bila wewe kutaka. Tumbo kujaa, kutapika na kukosa kujamba. Ule mguu mmoja niliousema. Kifua kubana na pumzi kuwa fupi. Hospitali ya wilaya ipo hapo Newala, anza hapo. Usikae nyuma ya bodaboda kama kuna gari, na kama hakuna, dereva aambiwe umeshonwa.

Na ukirudi Ndanda wiki ya 6, kaa kiti cha mbele, mto tumboni, kila mkisimama shuka utembee. Uliza majibu ya kinyama. Kizazi kikitolewa, kwa kawaida kipande hupelekwa maabara kuangaliwa kama uvimbe ulikuwa wa kawaida, na mara nyingi huwa wa kawaida, lakini wanawake wengi hawarudi kuuliza na karatasi inabaki kabatini. Uliza pia kama mlango wa kizazi umeachwa, kwani ukiwepo bado utahitaji kupimwa saratani yake kama wanawake wengine.

Msalimie mama, na mjomba. Yule wa darasa la saba kesho asubuhi avae sare aende shule, hata kama kikao hakijakaa.